Lugha Iliyochekesha, Kisha Ikachekwa

Mwaka 1272 mnukuzi mmoja wa Kiyahudi huko Ujerumani alikamilisha kitabu kikubwa cha sala za sikukuu, ambacho baadaye kilitumika kwa karne nyingi katika sinagogi la mji wa Worms. Sala zote ni za Kiebrania, lugha takatifu. Lakini katika ukurasa mmoja kuna neno lililoandikwa kwa herufi nene zenye uwazi ndani, na katika mianya ya herufi hizo mnukuzi alipachika mstari mdogo wenye vina, kwa lugha waliyoongea watu majumbani. Mstari huo unamtakia siku njema yeyote atakayekibeba kitabu hicho hadi sinagogini. Kitabu kilikuwa kizito, na mbebaji alistahili dua.

Lugha hiyo ni Kiyidi, na hiyo ndiyo sentensi yake kongwe kuliko zote zenye tarehe. Mahali ilipoandikwa panaeleza mengi: tumboni mwa neno takatifu, lugha ya jikoni imejibanza ikizungumzia habari za mizigo. Kicheko cha Wayahudi wa Ulaya, kile kilichokuja kutamba majukwaani New York na katika sinema za Hollywood, kilizaliwa na ujirani huo wa lugha mbili ndani ya kinywa kimoja. Ujirani huo ulijengwa kwa karne nyingi, na ulibomolewa kwa miaka michache.

Kando ya mto Rhine, karne ya 10 hadi 1349

Wayahudi waliotoka Ufaransa na Italia walijenga jumuiya katika miji ya Mainz, Worms na Speyer kandokando ya mto Rhine. Wakachukua Kijerumani cha majirani zao, wakakiandika kwa herufi za Kiebrania, wakakichanganya na Kiebrania na Kiaramu cha vitabuni, pamoja na masalia ya lugha walizotoka nazo. Kwa muda mrefu hawakuona kwamba wameunda lugha mpya. Waliiita tu taytsh, yaani Kijerumani.

Kazi ziligawanywa waziwazi. Loshn-koydesh, lugha takatifu, ilikuwa ya sala, sheria na hati. Mame-loshn, lugha ya mama, ilikuwa ya soko, kitanda na mbeleko. Hata hivyo mipaka hiyo ilivukwa kila siku, na kivuko kikubwa kilikuwa chuoni. Wavulana walisoma Torati na Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya sheria, katika lugha za asili, lakini walizitafsiri na kuzijadili kwa Kiyidi, kwa sauti inayopanda na kushuka: ikiwa ni hivi, basi kwa nini kule ni vile? Na kama kule ni vile, hapa tumekosea wapi? Mtu aliyelelewa katika kubishana kwa namna hiyo aliubeba mtindo huo hadi sokoni akinunua samaki. Wayahudi wenyewe wana utani juu ya tabia hiyo. Mtu anauliza: “Kwa nini Myahudi akiulizwa swali hujibu kwa swali?” Anajibiwa: “Kwa nini asijibu?”

Kuna sentensi ambayo wanaisimu wa Kiyidi hupenda kuitolea mfano: nokhn bentshn hot der zeyde gekoyft a seyfer. Maana yake ni kwamba baada ya sala ya chakula, babu alinunua kitabu cha dini. Neno la kununua limetoka Kijerumani. Bentshn, kuomba baraka, asili yake ni Kilatini. Zeyde, babu, limetoka katika lugha za Kislavi. Seyfer, kitabu, ni Kiebrania, na si kila kitabu huitwa hivyo, kwani cha hadithi za kidunia huitwa bukh, neno la Kijerumani. Anayechagua neno anachagua pia cheo cha kitu. Ukikiita kitabu cha mapishi seyfer, tayari umefanya mzaha, na wenzako watacheka kabla hujamaliza sentensi.

Maisha ya kando ya Rhine hayakudumu kwa amani. Mwaka 1096 makundi ya wapiganaji wa Vita vya Msalaba yalizichinja jumuiya za Mainz na Worms. Tauni ilipoingia mwaka 1348, Wayahudi walisingiziwa kwamba wametia sumu visimani, na katika miji mingi walichomwa moto. Walionusurika wengi waligeuza uso mashariki.

Mashariki, karne ya 14 hadi ya 17

Huko Poland mlango ulikuwa wazi. Mtawala Bolesław alikuwa amewapa Wayahudi hati ya ulinzi mjini Kalisz mwaka 1264, na mfalme Kazimierz III akaithibitisha katika karne iliyofuata. Mabwana wa ardhi walihitaji wafanyabiashara, wakusanya kodi na wapangaji wa vilabu vya pombe.

Kiyidi kikakutana na Kislavi, na hapo kikapata viungo vyake vingi vya kuchekeshea. Kiambishi -nik, kwa mfano, kilianza kubandikwa kwenye maneno ili kumtaja mtu kwa tabia yake. Nudnik ni yule asiyekoma kuchosha wenzake. Viambishi vya kudogosha navyo viliwezesha jina la mtu mzima lipunguzwe mara mbili au tatu, kwa mapenzi au kwa dharau, ikitegemea sauti ya msemaji.

Uchapishaji ulileta wasomaji wapya. Elia Levita, mwanasarufi aliyemfundisha Kiebrania kadinali mmoja wa Roma, alitunga kwa Kiyidi utenzi wa shujaa mpiganaji aitwaye Bovo, ukachapwa mwaka 1541. Visa vya Bovo vilipendwa mno, hata jina lake likachanganyika na bobe, yaani bibi, na hadi leo bobe-mayse ni hadithi isiyo na kichwa wala miguu. Mwanzoni mwa karne ya 17 ikaja Tsene-rene, masimulizi ya Torati yaliyochanganywa na mawaidha na ngano, iliyoingia karibu kila nyumba. Vitabu vya Kiyidi vilitangazwa kuwa ni vya wanawake na wanaume wasiojua Kiebrania. Wanaume waliokijua nao walivisoma, ila kwa siri.

Mahali ambapo lugha hizo mbili zilipanda jukwaa moja ni arusini. Huko alisimama badkhn, mchekeshaji wa kukodiwa. Kwanza alimliza bibi arusi kwa mashairi juu ya uzito wa ndoa na dhambi za ujana, kisha akawageukia wageni. Akachukua aya takatifu, akaipindua kidogo, ikawa inamsema mjomba bahili au mkwe mnene. Kama rabi alinung’unika, badkhn alikuwa na hoja ndani ya Talmudi yenyewe. Humo kuna kisa cha rabi anayemuuliza nabii Eliya, wakiwa sokoni, ni nani pale atakayeupata ulimwengu ujao. Eliya anamwonyesha ndugu wawili, na walipoulizwa kazi yao walisema ni wachekeshaji: wakimwona mtu mwenye huzuni humfurahisha, na wakiona wawili wanagombana huwapatanisha.

Mji mdogo, 1772 hadi 1880

Kuanzia 1772 Poland iligawanywa na majirani zake hadi ikafutika kwenye ramani, na Wayahudi wengi wakajikuta ni raia wa Urusi. Mwaka 1791 Malkia Katarina wa Pili aliweka msingi wa sheria iliyowafungia katika majimbo ya magharibi ya dola. Ndani ya mpaka huo kulikuwa na shtetl, mji mdogo wa soko, wenye watu wengi na kazi chache. Ulizaa hata jina la aina ya mtu: luftmentsh, mtu wa hewani, anayeamka asubuhi bila mtaji wala ufundi na jioni anarudi na mkate, hakuna ajuaye ameupata wapi.

Katika miji hiyo kikundi cha wahusika wa vichekesho kilikamilika. Alikuwapo mshenga, shadkhn, anayesifia binti mwenye kigugumizi kwamba angalau hatakuwa na maneno mengi. Alikuwapo shnorer, ombaomba anayeona kwamba anayempa sadaka ndiye anayepaswa kumshukuru, maana amemfungulia njia ya thawabu. Walikuwapo mapacha wa nuksi: shlemil ndiye anayemwaga supu, na shlimazl ndiye anayemwagikiwa. Jina la huyu wa pili lenyewe limeungwa, nusu Kijerumani yenye maana ya ubaya, nusu Kiebrania yenye maana ya bahati.

Msomaji wa Kiswahili anayemjua Abunuwasi hatapata taabu kumtambua Hershele wa Ostropol, aliyeishi katika karne ya 18 huko Ukraine. Inasimuliwa kwamba alikuwa mchekeshaji katika baraza la Rabi Borukh wa Medzhybizh, mjukuu wa mwanzilishi wa madhehebu ya Hasidi, na kwamba aliwekwa pale kwa sababu rabi alikuwa mtu wa huzuni nyingi. Usiku mmoja Hershele anaingia katika nyumba ya wageni akiwa na njaa. Mwenye nyumba anamwambia jiko limeshazimwa, chakula hakuna. Hershele anakunja uso. “Basi,” anasema, “itanibidi nifanye kama alivyofanya baba yangu!” Mwenye nyumba anaingiwa na hofu, anawasha moto, anamwekea kuku na mkate. Hershele anakula hadi mifupa. Ndipo mwenyeji anajikaza na kuuliza baba yake alifanya nini. “Baba? Alipokosa chakula cha usiku, alilala na njaa.”

Mji wa Khelm, au Chelm kwa Kipolandi, ulipewa sifa ya kukaliwa na wajinga wanaojiona wanahekima. Wazee wake walijadiliana iwapo jua lina faida kuliko mwezi, wakaamua mwezi ni bora, kwani huangaza usiku wakati kuna giza, ilhali jua huja mchana wakati mwanga upo tele. Chini ya ujinga huo kuna mtindo wa chuoni uleule: hoja imenyooka, hatua baada ya hatua, hadi inapoangukia shimoni.

Kisha kuna maapizo. Kuna lililo fupi: uote kama kitunguu, kichwa ardhini na miguu juu. Kuna la daktari wa meno: meno yako yote yang’oke, libaki moja tu la kukuuma. La kifahari zaidi huanza kama dua. Uwe na nyumba mia moja, na katika kila nyumba vyumba mia, na katika kila chumba vitanda mia. Mlaaniwa anakaribia kuitikia amina, ndipo msemaji anamalizia: na homa ikurushe kutoka kitanda kimoja hadi kingine. Hilo ni umbo la baraka ya sinagogini, likiwa limetiwa sumu mkiani. Watu waliokatazwa kubeba silaha waliunoa ulimi.

Waandishi wanaingia, 1862 hadi 1916

Wasomi wa Kiyahudi wa karne ya 18 na 19, kuanzia kwa Moses Mendelssohn huko Berlin, walikionea haya Kiyidi. Walikiita zhargon, maneno ya vichochoroni, Kijerumani kilichoharibika. Walitaka Wayahudi waongee Kijerumani safi au Kirusi safi, na wasali kwa Kiebrania safi. Tatizo lao lilikuwa moja: aliyetaka kuwaelimisha watu wa shtetl ilimbidi aandike lugha wanayoielewa. Ndivyo gazeti la Kol Mevaser lilivyoanzishwa mjini Odessa mwaka 1862, na humo mwaka 1864 Sholem Yankev Abramovitsh akaanza kuchapa riwaya yake ya kwanza kwa Kiyidi, akijificha nyuma ya jina la Mendele muuza vitabu. Alikusudia kuwakejeli watu wake ili wabadilike. Lakini sauti ya yule muuza vitabu, mcha Mungu mwenye jicho kali, ilikuwa tamu kuliko somo lenyewe.

Sensa ya Urusi ya mwaka 1897 iliwahesabu Wayahudi zaidi ya milioni 5 katika dola, na takriban 97 kati ya kila 100 walitaja Kiyidi kuwa lugha yao ya kwanza. Aliyewachekesha wengi wao kuliko mwingine yeyote alikuwa Solomon Rabinovich, aliyezaliwa mwaka 1859 huko Pereyaslav. Jina alilojipa la uandishi, Sholem Aleichem, ndilo ndugu wa salamu aleikum tunayoijua pwani. Mama yake alifariki kwa kipindupindu, na baba akaoa mke mwingine ambaye ulimi wake haukulala. Kila tendo alilolitaja lilizaa apizo lake: kwenye kula aliingiza funza, kwenye kushona aliingiza sanda. Kijana akayakusanya maapizo hayo daftarini, akayapanga kwa alfabeti kama kamusi. Daftari likagunduliwa. Alitarajia kiboko, lakini mama wa kambo alicheka hadi akaishiwa pumzi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mwandishi huyo, na somo lake hakulisahau: kinachochekesha ni namna mtu anavyosema, kabla hata ya kile anachosema.

Mwaka 1894 akamleta Tevye muuza maziwa, maskini mwenye mabinti wengi anayebishana na Mungu njiani akiwa na farasi wake. Tevye hunukuu maandiko bila kukoma, kisha huyafasiri kwa Kiyidi, na fasiri yake huteleza kando ya maana. Aya inazungumzia utukufu wa mbinguni, yeye anaitafsiri kuwa ni deni la mchele. Msomaji aliyejua lugha zote mbili alisikia kishindo cha kugongana kwazo. Hicho ndicho kichekesho kigumu kuliko vyote kuhamishia lugha nyingine, maana mtafsiri ana lugha moja tu ya kuwekea vitu viwili.

Nje ya hadithi, mambo yalikuwa yanawaka. Tsar Aleksanda wa Pili aliuawa mwaka 1881, na mashambulizi dhidi ya Wayahudi yakafuata. Aprili 1903 yalifika mji wa Kishinev. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ikawapa viongozi wa Kizayuni, waliotafuta nchi ya Wayahudi, pendekezo la makazi Afrika Mashariki. Mpango uliitwa wa Uganda, ingawa ardhi iliyokusudiwa ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, Kenya ya leo, ambako wenyeji hawakuulizwa. Wajumbe walikwenda kuikagua, na mwaka 1905 mkutano wa Wazayuni ukaikataa. Mpango huo ungepita, huenda Kiyidi kingesikika sokoni Eldoret.

Mwaka 1908 wapenzi wa Kiyidi walikutana mjini Czernowitz kutetea hadhi yake. Wakabishana kwa siku kadhaa iwapo kitangazwe kuwa ndicho lugha ya taifa la Wayahudi au kuwa mojawapo ya lugha zake. Ikapita ya pili. Mwitishaji wa mkutano, Nathan Birnbaum, mtoto wa Vienna, mwenyewe alikuwa bado anajikongoja katika lugha aliyokuja kuitetea.

Huko Vienna, mwaka 1905, Sigmund Freud alikuwa amechapa kitabu juu ya utani na akili isiyojitambua, akitumia kwa wingi visa vya washenga na ombaomba wa Kiyahudi. Kimojawapo ni cha maskini aliyekopa fedha kwa tajiri akilia shida. Siku hiyohiyo tajiri anamkuta mkahawani na sahani ya samaki ghali mwenye mayonesi. “Kumbe fedha zangu umezifanyia haya?” Maskini anashangaa: “Nikiwa sina fedha siwezi kula samaki huyu. Nikiwa nazo sipaswi kumla. Sasa nimle lini?” Freud alikisimulia kwa Kijerumani na kikachekesha bado, lakini ile sauti inayopanda na kushuka ya chuoni ilibaki nyuma. Ulimwengu wa wasomi uliupokea utani wa Kiyidi bila Kiyidi.

Sholem Aleichem alifia New York mwaka 1916. Watu zaidi ya 100,000 walijaa barabarani kumzika. Wosia wake uliagiza kwamba kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, familia na marafiki wachague mojawapo ya hadithi zake za kufurahisha na kuisoma kwa sauti, kwa lugha yoyote watakayoielewa.

New York na milima ya Catskill, 1881 hadi 1960

Kati ya 1881 na 1914 Wayahudi wapatao milioni 2 walivuka bahari kwenda Marekani, wengi wakianzia katika vyumba vya kubanana vya mtaa wa Lower East Side. Tamthilia iliwafuata. Avrom Goldfaden alikuwa amefungua ukumbi wa kwanza wa kitaaluma wa Kiyidi mwaka 1876 mjini Iași, Romania, na Urusi ilipopiga marufuku michezo hiyo mwaka 1883, waigizaji walipakia mizigo yao. Gazeti la Forverts, lililoanzishwa mwaka 1897, lilifikia kuuza nakala zaidi ya 200,000 kwa siku.

Kiyidi kikaanza kula Kiingereza kama kilivyokula Kislavi. Mhamiaji aliyetajirika upesi na kuanza kujishaua aliitwa olraytnik: neno la Kiingereza la kusema mambo ni sawa, likabandikwa mkia wa Kislavi. Lugha ilikuwa na afya bado. Waliobadilika ni watoto. Walikwenda shule za serikali, wakarudi na Kiingereza, wakawajibu wazazi kwa Kiingereza.

Geuko kubwa lilitokea milimani. Hoteli nyingi za Marekani ziliwafungia Wayahudi milango, hivyo wakajijengea zao katika milima ya Catskill, kaskazini mwa New York. Kila hoteli iliajiri tumler, mtu wa kuzua vurugu za furaha ili wageni wasione wakati wa mvua kuwa mrefu. Humo walipikwa wachekeshaji kama Danny Kaye, Sid Caesar na Mel Brooks. Mbele yao walikaa wazazi waliofikiri kwa Kiyidi na watoto waliofikiri kwa Kiingereza. Ikazuka kanuni ya kazi: kisa kinasimuliwa kwa Kiingereza, na neno la mwisho linaangushwa kwa Kiyidi. Wazee walicheka kwa kuelewa. Vijana walicheka kwa sababu wazee wamecheka, na kwa sababu sauti za sh na kh zilikuwa zenyewe kituko.

Hapo ndipo mambo yalipopinduka. Zamani Kiyidi kilikuwa chombo cha kusemea kichekesho. Katika hoteli hizo Kiyidi kikawa ndicho kichekesho.

Miaka ya kuzimwa, 1939 hadi 1952

Kabla ya Vita Kuu ya Pili, wasemaji wa Kiyidi duniani walikadiriwa kuwa milioni 11 hadi 13. Kati ya Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi, takriban milioni 5 walikuwa wasemaji wa lugha hiyo. Miji iliyomlea Hershele na Tevye iliondolewa Wayahudi wake.

Kicheko hakikukoma mapema kama mtu angedhani. Katika geto la Warsaw, mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliongoza kundi la siri lililokusanya ushahidi wa kila aina: barua, kadi za mgao wa chakula, takwimu za vifo, na pia mizaha iliyosemwa mitaani juu ya Hitler, juu ya njaa, na juu ya viongozi wa Kiyahudi waliowekwa na Wajerumani. Waliona mizaha hiyo kuwa ushahidi sawa na hati nyingine. Wakazika makaratasi hayo katika masanduku ya bati na makopo ya maziwa, na sehemu kubwa ilifukuliwa mwaka 1946 na 1950. Ringelblum aliuawa mwaka 1944.

Katika Urusi ya Kisovieti Kiyidi kilipewa shule na majumba ya michezo, lakini kwa sharti: maneno ya asili ya Kiebrania yaandikwe kama yanavyosikika, ili yasifanane na maandiko. Mkono uliofuta sura ya maneno hayo ulifuta pia nusu ya mzaha. Baadaye haukuachwa hata mwili. Mwigizaji mkuu Solomon Mikhoels aliuawa Minsk mwaka 1948 kwa amri ya Stalin, na usiku wa tarehe 12 Agosti 1952 watu 13, wakiwamo waandishi Peretz Markish na Dovid Bergelson, walipigwa risasi Moscow.

Israeli nayo ilichagua Kiebrania na kukitazama Kiyidi kama lugha ya unyonge wa uhamishoni. Wachekeshaji Shimen Dzigan na Yisroel Shumacher, nyota wa Łódź walioponea Urusi na kupitia kambi za kazi ngumu huko, walifika Israeli mwaka 1950. Kumbi zilijaa, lakini mamlaka ziliwabana, na iliwabidi kuingiza vipande vya Kiebrania ili wapate kibali. Mwanaisimu Max Weinreich, aliyekuwa amehamia New York, alikuwa amechapa mwaka 1945 msemo aliousikia kwa mwalimu mmoja aliyehudhuria mihadhara yake: lugha ni lahaja yenye jeshi na manowari. Kiyidi hakikuwa na hata mtumbwi.

Maneno bila lugha, 1964 hadi 1998

Septemba 1964 Tevye alipanda jukwaa la Broadway akiimba Kiingereza, katika mchezo wa Fiddler on the Roof. Ulionyeshwa mara 3,242 mfululizo. Dunia nzima ikampenda muuza maziwa, ingawa ile michezo yake ya kugonganisha aya na deni ilikuwa imepungua sana.

Mwaka 1968 Leo Rosten alitoa The Joys of Yiddish, kamusi inayofafanua kila neno kwa kichekesho. Humo neno khutspe, lile ambalo Waingereza huandika chutzpah, linaelezwa kwa mtu aliyewaua baba na mama yake, kisha akaiomba mahakama imhurumie kwa kuwa ni yatima. Kitabu kiliuzwa sana, na maneno yakaingia katika Kiingereza cha kila mtu: shlep, kukokota mzigo kwa shida, kvetsh, kulalama bila kikomo, mentsh, mtu mwenye utu. Hata sarufi ilivuka. Wamarekani walijifunza kurudia neno kwa sh na m ili kulidharau, kama vile sisi tungesema pesa-shmesa. Mwaka 1974, katika filamu ya Blazing Saddles, Mel Brooks alijitokeza kama mtemi wa Wahindi Wekundu anayeongea Kiyidi, na hata watazamaji wasioelewa neno walicheka. Mwaka 1998 khutspe ilifika hadi katika maoni ya jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani.

Ushindi huo ulikuwa na bei yake. Lugha iliyokuwa na sheria, ushairi, fizikia na magazeti ya siasa ikabaki katika fikra za watu kama mfuko wa matusi matamu. Mwandishi Isaac Bashevis Singer, aliyehama Poland mwaka 1935 na kuandikia Forverts maisha yake yote, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978 alisema sehemu ya hotuba yake kwa Kiyidi ukumbini Stockholm. Kwenye karamu akaeleza kwa nini anaandika lugha inayokufa: anapenda hadithi za mizimu, na mizimu hukijua Kiyidi vizuri. Wageni walicheka. Lakini aliyetaka kumsikia alijua anawataja wafu wa kweli.

Inakoendelea kuishi

Mwaka 1980 kijana msomi Aaron Lansky alianza kuokoa vitabu vya Kiyidi vilivyotupwa na wajukuu wasioweza kuvisoma. Wataalamu walidhani duniani vimebaki kama 70,000. Yeye na wenzake wamekusanya zaidi ya milioni moja. Mwaka 2018 Fiddler on the Roof ilionyeshwa New York kwa Kiyidi, mbele ya watazamaji ambao wengi walisoma tafsiri pembeni mwa jukwaa.

Wakati huohuo, bila kuomba ruhusa ya wapenzi wa fasihi, jamii za Hasidi ziliendelea kuzaa. Katika Williamsburg na Borough Park huko Brooklyn, Mea Shearim huko Jerusalem, Stamford Hill huko London na mjini Antwerp, mamia ya maelfu ya watu wanalea watoto kwa Kiyidi. Humo ndimo mgawanyo wa kale umebaki: Kiebrania cha sala na sheria juu, lugha ya mama chini, na mtu mmoja akipanda na kushuka kati ya hizo mbili siku nzima. Badkhn naye yupo, akisimama mbele ya bibi arusi na kipaza sauti, akipindua aya takatifu ili imseme mjomba bahili.

Wageni wake hawacheki kwa sababu ni Kiyidi. Kwao hiyo ni lugha ya bili ya maji, ya kumkemea mtoto na ya kuvutana na fundi bomba juu ya malipo. Wanacheka iwapo badkhn amesema jambo, na asipolisema wananyamaza. Huko nje, kwa wanaojua maneno 20 kutoka katika filamu, kutamka shlemil tu kunatosha kuleta tabasamu. Kicheko cha kwanza kinamdai mchekeshaji kipaji. Cha pili hakimdai kitu, kwa sababu bei yake ililipwa zamani na watu wengine.